Vidonda vya Siri: Kuwaelewa na Kuwatibu Vijana Wetu Wanaojijeruhi

Mada iliyotolewa kwa viongozi wa walei, makatekista na wanajumuiya, Shishiyu





Mmezoea kuiona Tume ya Haki na Amani ikiwaita kuzungumzia mipaka ya mashamba, mirathi ya wajane, uchaguzi, na mauaji ya vikongwe wanaosingiziwa uchawi. Leo tumewaita kwa ajili ya jambo linaloonekana dogo, lisilopigiwa yowe wala kufikishwa barazani. Ni alama za wembe kwenye mkono wa kijana. Mzazi akiziona hushtuka, kisha hugomba au hunyamaza. Mwalimu akiziona huuliza fimbo iko wapi. Jirani akiziona hunong'ona kwamba mtoto huyo amechezewa. Na kijana mwenyewe huvuta mkono wa shati na kuzifunika tena.

Napenda niwaambie tangu mwanzo neno ambalo ningependa kila mmoja aondoke nalo. Kijana anayejijeruhi si mhalifu wa kuadhibiwa, wala si kichaa wa kufungwa kamba, wala hatuwezi kumwita mwenye pepo kwa sababu tu ya alama zile. Ni mtu mwenye maumivu ambaye hajapata mahali salama pa kuyasemea. Kwa hiyo tiba yake ina sehemu mbili zisizotenganishwa: kumhudumia yeye, na kuyarekebisha yale yaliyomnyima sauti. Sehemu ya kwanza ni huruma; sehemu ya pili ni haki. Ndiyo maana jambo hili limeletwa na Tume hii.

1. Jambo lenyewe ni nini?

Kujijeruhi tunakokuzungumzia hapa ni kitendo cha mtu kuuumiza mwili wake mwenyewe kwa makusudi, bila nia ya kufa, na bila kuwa ni desturi inayokubaliwa na jamii yake. Wengine hujikata, wengine hujichoma, wengine hujikwaruza mpaka damu itoke, wengine hugonga kichwa ukutani. Mara nyingi alama huwa mahali panapofichika. Ndiyo maana kijana huvaa sweta wakati wa jua kali, hukataa kuoga pamoja na wenzake, au hukaa chooni muda mrefu baada ya ugomvi nyumbani.

Tutofautishe mambo matatu, ili tusichanganye mambo.

Kwanza, hizi si chale. Katika nchi yetu ya Usukuma chale za dawa zinajulikana. Chale huchanjwa na mtu mwingine, ndugu wakijua, kwa sababu inayosemwa wazi. Kanisa lina neno lake juu ya imani zinazoandamana na chale, lakini hilo si somo la leo. Kijana tunayemzungumzia hujikata peke yake, kwa siri, na huona aibu.

Pili, hili si jaribio la kujiua. Anayejaribu kujiua anatafuta mwisho wa maisha. Anayejijeruhi, mara nyingi, anatafuta namna ya kuendelea kuishi hadi kesho. Hata hivyo tusistarehe na tofauti hiyo. Uchunguzi wa wataalamu unaonyesha kwamba kijana anayejijeruhi yumo katika hatari kubwa zaidi ya kufikia kujaribu kujiua siku za baadaye kuliko wenzake. Kwa hiyo hatusemi kwamba jambo hili ni jepesi. Tunasema kwamba lina maana yake, na anayetaka kuokoa maisha ni lazima aielewe maana hiyo.

Tatu, hili si jambo la wasichana peke yao, wala la watoto wa mjini peke yao. Kwa kawaida huanza kati ya miaka 12 na 14. Mwaka 2014 watafiti walikusanya pamoja tafiti za nchi nyingi wakakuta kwamba vijana wapatao 17 katika kila 100 waliwahi kujijeruhi walau mara moja. Tafiti nyingi kati ya hizo zilifanyika katika nchi tajiri. Tusiichukue hesabu hiyo na kuibandika Shishiyu. Lakini inatufundisha kwamba jambo hili si ajabu la ukoo mmoja wala laana ya nyumba moja. Hata madaktari wa magonjwa ya akili wa Marekani, walipotoa mwongozo wao mpya mwaka 2013, walilitaja kama hali inayostahili kuchunguzwa kwa jina lake yenyewe.

2. Kwa nini kijana aumize mwili wake?

Swali hili huwatesa wazazi kuliko yote. Mzazi husema: “Nimemlisha, nimemvika, nimemsomesha, mwili huu nimeulea mimi, kwa nini auchane?” Wataalamu waliowasikiliza vijana hawa kwa makini wameona sababu nne zinazojirudia.

Sababu ya kwanza, na iliyo kubwa kuliko zote, ni kuituliza dhoruba ya moyo. Hasira, hofu, aibu au huzuni humjaa kijana hata akaona kama atapasuka. Maumivu ya mwili huyavuta mawazo kutoka katika maumivu ya moyo, na yanapopungua huacha nafuu fulani. Nafuu hiyo ni ya kweli, lakini ni fupi. Baada yake huja aibu, na aibu huleta dhoruba nyingine. Hivyo jambo hugeuka kuwa mazoea, kama mtu anywaye maji ya chumvi ili kukata kiu.

Sababu ya pili ni ganzi. Wako vijana ambao, baada ya kupatwa na jambo zito, hawahisi kitu chochote, kana kwamba wamekufa wakiwa hai. Maumivu huwajulisha kwamba bado wapo.

Sababu ya tatu ni kujiadhibu. Mtoto aliyeambiwa kila siku kwamba yeye ni mjinga, mzigo, mkosi, au chanzo cha ugomvi wa wazazi, mwisho huyaamini maneno hayo. Akishayaamini, hujifanya hakimu na askari wa nafsi yake.

Sababu ya nne ni kutaka wengine waone. Hapa wengi husema kwa dharau: “Huyu anataka tu kuonekana.” Ndugu zangu, tuyapime maneno yetu. Mtoto anayelazimika kumwaga damu ili aonekane, ni mtoto aliyekaa muda mrefu bila kuonekana.

Na nyuma ya sababu hizi kuna mizigo ambayo ninyi viongozi wa Jumuiya mnaijua: kufiwa na mzazi na kuhamishwa kutoka nyumba hadi nyumba, ulevi na vipigo, kejeli za wanafunzi, kushindwa mtihani, mimba, kulazimishwa kuolewa, na ukatili wa kijinsia uliofanywa na mtu ambaye mtoto aliambiwa amheshimu. Uchunguzi wa kitaifa juu ya ukatili dhidi ya watoto uliofanyika Tanzania mwaka 2009 ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 katika kila 10, na mvulana 1 katika kila 7, walifanyiwa ukatili wa kijinsia kabla ya kutimiza miaka 18. Karibu robo tatu ya vijana, wa kike na wa kiume, walisema walipigwa au kuumizwa mwili katika utoto wao. Si kila anayejijeruhi ametendewa ukatili. Wengine wana ugonjwa wa sonona au wasiwasi uliozidi, na wazazi wao ni watu wema kabisa. Lakini ni wajibu wetu kuuliza kabla ya kuhukumu.

3. Mwili husema kinywa kinapofungwa

Tuna mfano katika historia ya Kanda hii ya Ziwa. Tarehe 30 Januari 1962, katika shule ya bweni ya wasichana ya Kashasha, upande wa Bukoba, wanafunzi watatu walianza kucheka bila kuweza kujizuia. Kicheko kilichanganyika na kilio na mahangaiko, kikaenea hadi wanafunzi 95 kati ya 159 wakapatwa. Mwezi Machi shule ikabidi ifungwe, na baadaye hali hiyo ikaonekana hata vijijini. Madaktari wawili, Rankin na Philip, walioandika habari zake mwaka 1963, hawakukuta sumu katika chakula wala vijidudu vya ugonjwa. Wengi waliolichunguza jambo hilo baadaye wameliona kuwa ni mwili uliotoa nje msongo ambao wasichana wale hawakuwa na njia nyingine ya kuutoa.

Siutaji mfano huu kwa kuwa kucheka na kujikata ni jambo moja. Kule ni kundi zima, hapa ni mtu mmoja mafichoni. Kule hakuna aliyekusudia, hapa mtu ameshika wembe mwenyewe. Nautaja kwa sababu ya mafunzo mawili. Kwanza, taabu ya moyo huweza kupita mwilini, na mtu asiwe anaigiza wala anadanganya. Pili, watu wazima hukimbilia kutafuta sumu na mchawi, na husahau kuwauliza watoto wenyewe: “Ninyi mnaishije hapa?”

4. Je, ni pepo? Je, ni dhambi?

Najua maswali haya mnayo, na si ya kuchekwa.

Mwinjili Marko, katika sura ya 5, anatusimulia habari za mtu wa nchi ya Wagerasi aliyekaa makaburini, akilia usiku na mchana na kujikatakata kwa mawe. Injili inasema alikuwa na pepo. Lakini Injili hiyo hiyo haitupi ruhusa ya kusema kwamba kila anayejikata ana pepo. Mwenye homa si lazima awe na malaria, hupimwa kwanza. Ndiyo desturi ya Kanisa pia: ibada kuu ya kupunga pepo hufanywa na padre aliyepewa ruhusa na Askofu, na Katekisimu inaagiza kwamba kwanza ihakikishwe kuwa shida si ugonjwa. Anayemwangusha binti wa miaka 14 mbele ya umati na kumpigia kelele usiku kucha, huku jeraha lake halijaoshwa, hafanyi kazi ya Kristo.

Tuitazame zaidi namna ya Bwana. Watu wa mji walimfunga yule mtu kwa pingu na minyororo. Yesu alizungumza naye. Walimwita kwa ugonjwa wake. Yesu alimuuliza jina lake. Alipopona, alionekana ameketi, amevaa nguo, na akili zake timamu, maana yake heshima yake imerudi. Kisha Bwana hakumchukua akamweka mbali. Alimrudisha nyumbani kwa jamaa zake. Na tusiwasahau wale waliomwomba Yesu aondoke baada ya kupoteza nguruwe. Uponyaji wa mtu mmoja una gharama kwa jamii, na wako watakaoona gharama hiyo ni kubwa mno.

Kuhusu dhambi: mwili ni zawadi ya Mungu na hekalu la Roho Mtakatifu, na si mapenzi yake uumizwe. Lakini Katekisimu inafundisha pia, katika namba 1735, kwamba wajibu wa mtu kwa tendo lake huweza kupungua au hata kuondolewa kwa sababu ya hofu, mazoea, shuruti na hali nyingine za nafsi. Kwa hiyo tusimpe kijana mzigo wa pili juu ya ule wa kwanza. Kumbukeni Nabii Eliya alipochoka hata akaomba afe. Malaika hakuanza kwa kumkemea. Alimgusa, akampa mkate na maji, akamwacha alale. Akamwamsha tena akamlisha. Safari ndiyo ikafuata.

5. Tufanye nini siku ya kwanza?

Tuseme mama wa Jumuiya anagundua alama kwenye paja la binti wa ndugu yake anayeishi naye. Afanye nini?

(a) Atulize moyo wake kwanza. Uso wa mtu mzima ndio jibu la kwanza analolipata mtoto. Asipige kelele, asilie mbele yake kana kwamba ameuawa, asiwaite majirani.

(b) Atunze jeraha. Anawe mikono, aoshe jeraha kwa maji safi na sabuni, akandamize kwa kitambaa safi mpaka damu ikome, kisha alifunge. Asipake samadi, masizi wala mafuta ya taa. Jeraha lenye kina, lisiloacha kutoka damu au lililoanza kutunga usaha lipelekwe zahanati mara moja, na aulize pia kuhusu chanjo ya pepopunda. Huduma hii itolewe kwa upole ule ule anaotendewa mtoto aliyejikata na jembe.

(c) Aseme maneno machache. Kwa mfano: “Mwanangu, nimeona. Sikugombezi. Nadhani kuna jambo linalokuuma sana. Nitakaa hapa, ukiwa tayari, niambie.” Kisha anyamaze kweli. Asimwambie “kwa nini” mara kumi, maana mara nyingi mtoto mwenyewe hajui kueleza.

(d) Aulize waziwazi kuhusu kifo: “Je, umewahi kufikiri kufa? Unafikiri hivyo sasa?” Wengi huogopa kwamba swali hilo litampandikizia wazo. Uchunguzi haukuonyesha hivyo. Kinyume chake, swali la upole humpa mtu nafasi ya kutua mzigo. Akijibu ndiyo, asiachwe peke yake, na apelekwe kwa mhudumu wa afya siku hiyo hiyo.

(e) Aondoe hatari. Hapa kwetu kwenye pamba, karibu kila nyumba ina dawa ya kuulia wadudu chini ya kitanda au darini. Dawa hiyo ifungiwe kwa kufuli, mbali na chumba cha kulala. Shirika la Afya Duniani linaihesabu sumu ya mashambani miongoni mwa njia zinazoua watu wengi zaidi wanaojiua duniani, na wengi hunywa katika ghadhabu ya dakika chache. Aliyekosa kuifikia katika dakika hizo mara nyingi huishi.

(f) Asimlazimishe kuapa kwamba hatarudia tena. Akishindwa, atajificha zaidi, na kiapo kilichovunjika kitakuwa sababu nyingine ya kujiadhibu. Amwombe jambo jepesi zaidi: “Ukisikia hamu hiyo inakuja, njoo kwangu kwanza, hata usiku.”

6. Tiba ipo

Hakuna kidonge kinachotibu kujijeruhi kwenyewe. Dawa hutolewa na daktari pale ambapo kuna sonona au ugonjwa mwingine unaoambatana nako. Tiba kuu ni mazungumzo yenye utaratibu, yanayomfundisha kijana kuitambua dhoruba kabla haijafika, kuipa jina, kuivumilia ipite, na kuomba msaada kwa maneno.

Mmoja wa walioijenga tiba hiyo ni mama wa Kimarekani, Marsha Linehan, aliyelelewa katika imani Katoliki. Mwaka 1961, akiwa na miaka 17, alilazwa katika hospitali ya magonjwa ya akili huko Hartford, akakaa humo zaidi ya miaka miwili. Alikuwa akijikata na kujichoma, na waliomtunza hawakujua wamfanyie nini. Mwaka 1967, akisali katika kanisa dogo la nyumba ya mafungo huko Chicago, aliguswa na upendo wa Mungu hata akaweza kujipenda. Lakini sikilizeni kilichofuata: hakuishia katika sala ile. Alisoma, akawa profesa, na mwaka 1993 akachapisha kitabu cha tiba yenye nguzo mbili, yaani kujikubali jinsi ulivyo na kujifunza kubadilika. Mwaka 2011 alirudi Hartford akaieleza historia yake hadharani. Sala na elimu havikugombana ndani yake. Na huko Norway, mwaka 2014, ilichapishwa taarifa ya vijana 77 waliokuwa wakijiumiza. Wale waliopewa tiba hiyo kwa wiki 19 walipunguza kujiumiza kuliko waliopewa matunzo ya kawaida.

Mtaniambia: “Padre, huko ni Norway, hapa mtaalamu yuko wapi?” Ni kweli wataalamu ni wachache. Lakini ngazi ipo: zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya, hospitali ya rufaa ya mkoa huko Bariadi, na Bugando huko Mwanza, hospitali ya Baraza letu la Maaskofu, yenye huduma ya magonjwa ya akili. Pia ipo simu ya huduma kwa mtoto, namba 116, isiyolipiwa.

Zaidi ya hayo, upo ushahidi kwamba mlei aliyefundishwa vema anaweza kufanya mengi. Mwaka 2020 zilitolewa taarifa za kazi iliyofanyika Moshi na Bungoma, Kenya, kwa watoto 640 waliofiwa na wazazi. Waliowahudumia hawakuwa madaktari; walikuwa watu wa kawaida waliofundishwa na kusimamiwa. Katika maeneo matatu kati ya manne, mijini na vijijini, watoto hao walipata nafuu kuliko wenzao waliopewa huduma ya kawaida. Kazi ile ilihusu majonzi na mshtuko, si kujijeruhi. Lakini imeonyesha kwamba sikio lililofundishwa ni dawa, na kwamba dawa hiyo inaweza kupatikana kijijini.

Na lipo tumaini. Katika jimbo la Victoria, Australia, vijana walifuatwa tangu mwaka 1992 hadi 2008. Karibu mmoja katika kila 12 alijijeruhi katika ujana wake. Na katika hao, 9 kati ya 10 hawakuwa wakiendelea walipofikia utu uzima. Tusimwite mtoto kwa jina la kidonda chake. Kidonda hupona, jina hubaki.

7. Haki: kung'oa mizizi

Tukimfunga kijana bandeji na kumrudisha palepale panapomchubua, tumefanya nusu ya kazi. Tume inawaomba mtazame mambo manne.

Fimbo. Kanuni za shule za mwaka 2002 ziliweka mpaka: adhabu ya viboko isizidi vinne, kwa kosa zito, na kwa idhini ya mkuu wa shule. Kujijeruhi si kosa la nidhamu. Kumchapa mtoto kwa sababu amejichana ni kumfundisha kwamba mwili wake kweli unastahili kupigwa.

Ndoa za shuruti. Ng'ombe ni mali, na mahari ni desturi yenye heshima yake. Lakini binti si zizi. Mwaka 2016 Mahakama Kuu, na tarehe 23 Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani, ziliamua kwamba vifungu vya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 vilivyoruhusu binti kuolewa chini ya miaka 18 vinapingana na Katiba. Binti anayejikata wiki moja baada ya wazee kukaa kikao cha mahari amekwisha kutoa jibu lake.

Ukatili unaofichwa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka kila mwanajamii anayejua kwamba haki za mtoto zinavunjwa atoe taarifa kwa serikali za mitaa. Kuna afisa ustawi wa jamii, na kuna Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Kesi ya kubakwa mtoto haimalizwi kwa faini ya ng'ombe kati ya wazee, na kiongozi wa Kanisa asikubali kuwa shahidi wa mapatano hayo, hata kama mtuhumiwa ni mfadhili wa kigango.

Hofu ya sheria. Kanuni ya Adhabu inahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa, na kwa hofu hiyo familia huwaficha hata watoto waliojijeruhi bila nia ya kufa. Nchini Kenya, tarehe 9 Januari 2025, Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu kama hicho kinapingana na Katiba. Kanisa linafundisha kwamba uhai ni mtakatifu; na kwa sababu hiyo hiyo tunasema kwamba mgonjwa apelekwe hospitali, si mahabusu. Hofu isimcheleweshe mtoto yeyote kufikishwa kwa daktari.

8. Wajibu wa kila mmoja wetu

Wazazi: mpeni mtoto nafasi ya kusema “nina huzuni” bila kuambiwa kwamba ana deko. Mvulana naye aruhusiwe kulia.

WAWATA na viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo: chagueni watu wawili au watatu wenye kifua cha kutunza siri, ambao vijana wenyewe wanawaamini, wapelekwe kwa wataalamu wafundishwe kusikiliza. Shida ya mtoto isitajwe kamwe katika maombi ya hadharani.

Walezi wa vijana na makatekista: msimwonyeshe mwenye alama mbele ya wenzake. Wala msisimulie kwa kirefu jinsi mtu anavyojikata. Vijana huweza kuigana.

Sisi mapadre: mtoto akisema jambo katika Kitubio, siri ile haifunguliwi, hata kwa mzazi, hata kwa daktari. Kwa hiyo msidhani kwamba kumleta kuungama ni sawa na kumleta kutibiwa. Tutamtia moyo aseme tena nje ya Kitubio, ili asaidiwe. Nanyi walei, ambao siri yenu si ya Sakramenti, mwambieni mtoto tangu mwanzo: “Nitakutunzia siri, lakini uhai wako ukiwa hatarini, au kuna anayekutendea vibaya, nitatafuta msaada, na nitakwambia kabla ya kwenda.”

9. Maswali ya kujadili katika Jumuiya

1. Katika Jumuiya yetu, kijana mwenye huzuni kubwa anaweza kumwendea nani leo? Kama hatumpati wa kumtaja, tufanye nini?

2. Ni maneno gani tunayowaambia watoto nyumbani yanayoweza kuwafanya waamini kwamba hawafai?

3. Dawa za pamba zinahifadhiwa wapi katika nyumba zetu? Tupange siku ya kulitengeneza jambo hili.

4. Ni nani kati yetu anayemfahamu afisa ustawi wa jamii wa eneo letu, na mwalimu mlezi wa shule iliyo karibu? Tumtume nani kwenda kuzungumza nao?

Ndugu wapendwa, wakulima wa pamba hawasubiri jani lote likauke ndipo wakague shamba. Huinama, hugeuza jani, hutazama upande wa chini, maana wadudu hujificha huko. Nawaomba tuwatazame watoto wetu kwa macho hayo: ya mtu anayeinama, asiye na haraka, anayetaka shamba lipone. Tukisharudi vijijini, kila Jumuiya ijadili maswali haya manne kabla ya mwezi kwisha, na majibu yaletwe kwa katibu wa Tume.

Mungu awabariki nyote.